Kabla Hujafungua Tarbo, Pima Sensa

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema asubuhi gari linawaka kwa taabu, sailensa inatoa moshi mweusi, feni ya rejeta inazunguka injini ikiwa bado baridi, na mlimani gari halivuti. Fundi wa huko Kigoma anasema tarbo, ile pampu inayosukuma hewa kwenye injini, imekufa, nawe unaniuliza kama utoe hela. Usitoe kwanza, mama.

Feni ndiyo iliyonishtua. Tarbo ikifa, feni haihusiki kabisa. Lakini sensa ya temperecha, yaani kile kipimo cha joto la maji ya injini, ikikatika, kompyuta ya gari haijui tena injini ina joto gani. Kwenye magari mengi huwasha feni kwa tahadhari, humwaga petroli nyingi kama injini ya baridi, na hubana nguvu ya tarbo ili injini isiumie.

Anza na maji. Fungua mfuniko wa rejeta gari likiwa limelala usiku kucha. Likiwa la moto usiuguse, yatakurukia usoni. Maji yakipungua, sensa hubaki hewani ikasoma vibaya hali yenyewe ni nzima. Na tarbo nyingi hupozwa na maji hayo hayo, kwa hiyo hapo usipite haraka.

Asubuhi hiyo hiyo, kabla ya kupiga stata, azima skana, kile kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, ufungue swichi tu. Linganisha joto la maji na joto la hewa inayoingia kwenye injini. Vyote vimelala kwenye baridi moja, kwa hiyo visipishane sana. Ukikuta maji yanasoma nyuzi 40 chini ya sifuri, kuna mahali pamekatika, na mara nyingi utaona namba ya kosa P0118. Kama sensa ni ya waya mbili, chomoa soketi yake, uunganishe zile tundu mbili kwa kipande cha waya. Namba ikiruka juu kupita 120, waya na kompyuta ni vizima, mbovu ni sensa. Ikibaki pale pale, fuata waya.

Hili la waya nalisema kwa uchungu. Zamani nilimfungulia mteja silenda hedi nzima, yaani kichwa cha injini, kwa sababu mshale wa temperecha ulipanda na kushuka hovyo. Kumbe soketi ilikuwa imeota kutu ya kijani. Alikuwa ameuza mahindi yake kupata hela ile. Tangu siku hiyo sinunui kitu kabla sijapima.

Hata sensa mpya ipime kabla ya kuifunga, maana feki zimejaa. Itumbukize ncha kwenye sufuria ya maji, ushike miguu yake kwa multimita, kile kifaa cha kupima umeme, ukiisoma kwa omu, yaani jinsi sensa inavyozuia umeme. Za magari mengi ya Kijapani husoma omu 2,000 hadi 3,000 maji yakiwa nyuzi 20, kisha hushuka taratibu hadi omu 200 au 400 kwenye nyuzi 80. Isiposhuka, irudishe dukani. Tumia kipimajoto, usikisie kwa kuangalia mchemko: hapa Tabora maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, huko kwenu ziwani 97.

Ukishafunga, jaza maji, uiache injini iungurume mpaka hewa yote itoke, kisha uongeze tena. Nipigie jioni unisomee namba za skana za asubuhi, kabla hujagusa kitu. Kama maji yalisoma sawa na hewa, basi nimekosea mimi, na hapo tutaizungumzia tarbo.

Baba yako,
Tabora