Mke ana mimba ya miezi saba, anakohoa na kuhema: jibu langu kutoka Moshi

Mleta mada, pole wewe na mkeo. Umesema kikohozi kina siku sita, usiku anahema, mama yako anasema kuhema ni mimba tu na apigwe nyungu, na jirani kawatisha kwamba akijifungua anaumwa mtoto atatengwa naye. Yote matatu yalinikuta hapa Moshi Julai 2021, kwenye wimbi la tatu la korona. Nakujibu kama mtu niliyepita humo.

Nianze na kuhema, maana ndiko nilikopotezea siku mbili. Nilikuwa na wiki 33. Kila niliyemwambia pumzi haitoshi alinijibu, "Mimba hiyo, tumbo limepanda." Hata zahanati niliyokwenda walinipa dawa ya kikohozi na panadol nikarudi nyumbani. Na ni kweli tumbo husukuma ule msuli ulio chini ya mapafu, mapafu yakabanwa, huku mwili unahitaji oksijeni zaidi kuliko kawaida. Lakini kaka, hiyo ndiyo sababu ya kuogopa, siyo ya kutulia. Mjamzito akishikwa na nimonia anaishiwa upesi kwa sababu akiba yake ni ndogo. Na mimba peke yake haiongezi sana idadi ya pumzi. Akiwa ametulia, mwangalie kifua uhesabu dakika nzima, saa mkononi. Zikizidi 20, msilale nazo. Zikifika 30, au anashindwa kumaliza sentensi, ni dharura, mbebe usiku huohuo.

Mimi ilikuwa saa nane usiku. Nilitaka kumwambia mume wangu anipe maji, neno "maji" likagoma kutoka. Akatafuta bajaji. Muuguzi wa zamu hakuniuliza mengi, alinibana kile kifaa cha kidoleni kinachopima oksijeni kwenye damu, kikasoma asilimia 89. Kwa mjamzito wanataka isishuke chini ya 95, kwa kuwa mtoto naye anategemea oksijeni hiyohiyo. Nikawekewa oksijeni, nikalazwa kwa ubavu wa kushoto, nikachomwa na sindano za kukomaza mapafu ya mtoto iwapo angewahi kutoka. Sindano zile naziombea dua mpaka leo.

Nyungu nilishapigwa kabla ya hapo. Unajua ilivyoshika nchi nzima 2020: mchaichai, malimao, majani ya mwarobaini, blanketi juu. Mvuke unafungua pua, haufiki kumtoa mdudu aliye ndani ya mapafu. Mimi nilipata kizunguzungu chini ya lile blanketi, mama mkwe akanidaka sufuria ikiwa hatua moja na tumbo. Simlaumu, alikuwa ananihangaikia kwa alichokijua. Mweleze mama yako hivyo hivyo, kwa heshima: joto kali, maji yanayochemka na mjamzito aliyeishiwa pumzi havikai pamoja.

Siku ya tano uchungu ulianza wenyewe. Mtoto wa kike, kilo 1.9. Hapo ndipo ubishi wa kunyonya ulipoanza. Mama mkwe alikuja na mtori wangu kwenye chupa ya chai, na maziwa ya ng'ombe kwa ajili ya mtoto, akitaka amlee yeye mpaka nipone. Muuguzi akamwambia, "Bibi, hayo maziwa mpe baba yake. Huyu ananyonya kwa mama." Shirika la Afya Duniani lilishasema tangu 2020: mama mwenye korona aendelee kunyonyesha, avae barakoa, anawe mikono kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto. Maziwa yanambebea mtoto kinga, na mtoto kuambukizwa akiwa tumboni hutokea mara chache. Kwa njiti, yaani mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, kumtenga na mama ndiko kunakomponza: anapoteza joto. Nilimbeba kangaruu, ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, barakoa usoni kwangu, karibu wiki tatu.

Mkishafika nyumbani, mtoto mchanga mwangalieni hivi: pumzi 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, kifua kinabonyea ndani anapovuta hewa, anakataa ziwa, mwili wa moto au wa baridi. Moja tu kati ya hayo linatosha kurudi hospitali. Msisubiri kliniki ya tarehe.

Chanjo kwangu ilichelewa. Rais Samia alizindua 28 Julai 2021, mimi nikiwa tayari wodini na mtoto kifuani. Nilichanja baadaye nikinyonyesha. Mkeo muulizeni daktari kuhusu chanjo akishapata nafuu, siyo watu wa kijiweni.

Hujasema kama ana homa, na hujasema mtoto anacheza tumboni kama kawaida. Mtoto akipunguza kucheza ni safari ya hospitali hata kama pumzi za mkeo zinaonekana nzuri. Mhesabu pumzi sasa hivi, kisha uandike hapa umepata ngapi. Nipo macho.