Randa ya umeme na kufunga Ijumaa

Ndugu, umeuliza kama karakana ya milango hapo Lamu, mafundi watano na randa mpya ya umeme, inaweza kufunga Ijumaa bila kugusa malipo. Inaweza, ila hesabu umeianzia pabaya.

Unasema mlango ulikuwa ukila siku 12 za fundi: 3 za kupiga randa, 7 za nakshi, 2 za kuunga na kupaka mafuta. Mashine imezigeuza zile 3 kuwa nusu siku. Umeokoa karibu asilimia 21 ya kazi, sawa, lakini aliyepunguziwa ni mpiga randa. Mchonga nakshi bado ana siku zake 7. Mbao laini zitarundikana ukutani na milango itatoka kwa mwendo ule ule.

Kwa hiyo mpiga randa afunzwe kuchimba. Si maua ya nakshi yenyewe, ni ile sehemu tupu ya ubao inayoyazunguka. Fundi achore kwa penseli na kukata ukingo kwa patasi, kisha mwenzake atoe ya kati kwa bobari, patasi yenye makali ya kupinda. Mpe kijiti kilichokatwa kwa kina unachotaka, awe anapimia. Mbambakofi ni mgumu, mkono ukichoka kila pahali panapata kina chake. Aanzie mabaki, wiki mbili tatu.

Ijumaa yenyewe ni rahisi kuliko unavyodhani. Siku nyingine tano mnafanya saa 8, Ijumaa mnafunga saa 6 mchana kwa ajili ya sala: jumla saa 44. Mkifunga kutwa mnapoteza 4, na nusu saa ya hizo ni kutoa mbao na kufagia. Agizo la mishahara la Kenya linasema wiki ya kawaida ni saa 52. Hiyo ni dari, si deni.

Wengi huharibu kwenye malipo. Kama ni kibarua cha 1,000 kwa siku, ukifuta siku umemkata mtu 1,000 kimyakimya. Panda hadi 1,200 kwa siku tano. Islandi waliposhusha wiki ya kazi ya saa 40 hadi 35 au 36, mshahara haukuguswa. Walipunguza mikutano, miongoni mwa mengine. Karakana haina mikutano, ina kungoja vipimo. Mteja atume picha ya miimo tepu ikionekana, upana wa juu, wa kati na wa chini, maana kuta za mawe ya matumbawe hazinyooki.

Jaribu wiki 8, nje ya Ramadhani na Maulidi, uandike daftarini milango iliyotoka na iliyorudishwa. Visu vya randa viwe jozi mbili, moja imepakwa mafuta, kwani chumvi ya hewani haichelewi kuleta kutu. Nyoa milimita 1 kwa kila pito. Anayelazimisha 3 ili awahi Alhamisi anachana mbao. Na randa za mkono usiziuze, umeme hapo unakatika bila hodi.