Futa mkeka wa farasi wanne kabla ya Jumanne ya Cheltenham

Mdogo wangu, futa mkeka huo kabla hujalala. Nimesoma swali lako lote: unakwenda uwanja wa mbio za farasi wa Cheltenham, Uingereza, na wenzako wa kazini siku ya kwanza ya tamasha la mwezi Machi, unauliza uvae nini, utoke vipi kituo cha treni hadi uwanjani, dau la kushinda au kushika nafasi linahesabiwaje, na mwishoni kabisa, kana kwamba ni jambo dogo, unasema kuna mtaalamu wa kundi la mtandaoni aliyekuuzia mkeka wa farasi wanne "wa uhakika", yaani dau moja linalolipa tu iwapo wote wanne watashinda, nawe unafikiria kuuwekea pauni 300. Hilo la dau nitalifikia mwishoni; ya mavazi na treni tuyaache kwa leo. Hilo la mwisho haliwezi kusubiri, kwa sababu mkeka huo naufahamu. Niliubeba mfukoni Jumanne ya tarehe 10 Machi 2015, ila majina ya farasi ndiyo yaliyokuwa tofauti.

Mwaka ule Willie Mullins, mkufunzi kutoka Ireland, alikuwa na farasi wanne waliopewa nafasi kubwa kuliko wengine katika mbio nne za siku ya kwanza, na wote wanne walipandwa na Ruby Walsh. Douvan alikuwa katika mbio za kufungua siku, Un de Sceaux katika Arkle, Faugheen katika Champion Hurdle, na Annie Power katika mbio za viunzi za majike. Odi zao, kwa hesabu tuliyoizoea kwenye mikeka ya mpira, zilikuwa kama 3.00, 1.67, 1.80 na 1.50, na ukizizidisha unapata 13.5 hivi. Niliweka pauni 400, ambazo zilikuwa kodi ya nyumba, ili zirudi pauni 5,400. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimeshazigawa zote: ada ya wadogo zangu, mabati ya nyumba ya mama, na kiasi ambacho kwa ukarimu mkubwa nilikiita akiba.

Douvan akashinda. Un de Sceaux akashinda. Faugheen akashinda Champion Hurdle, na kufikia hapo nilikuwa nimeacha kuwa mhasibu msaidizi na kuwa mchambuzi wa mbio za farasi, nikiwaeleza Waingereza waliosimama kando yangu mambo ambayo wao wamekua nayo tangu utotoni. Ndipo ikafika zamu ya Annie Power. Alikimbia kama asiye na mpinzani, akafika kiunzi cha mwisho akiwa mbele, akionekana hana jasho, akaruka mapema mno na kuanguka. Alinyanyuka salama, namshukuru Mungu kwa hilo, lakini mimi nilibaki chini muda mrefu kuliko yeye.

Sasa sikiliza sehemu inayoniuma hadi leo. Aliyeshinda mbio hizo ni Glens Melody, na Glens Melody naye alikuwa farasi wa Mullins. Maana yake ni kwamba yule mtaalamu wa kundi langu la mtandaoni, aliyetuandikia kwamba zizi la Mullins litafagia mbio zote nne, alisema kweli tupu. Zizi lilifagia. Mkeka ndio uliokufa. Makadirio yaliyochapishwa wakati ule yalisema kuanguka kwa farasi mmoja kuliziokolea kampuni za kubashiri takribani pauni milioni 50, kwa sababu nchi nzima ilikuwa imewaunganisha farasi walewale wanne, na kodi yangu ya nyumba imo humo ndani kama mchango wangu wa hiari.

Laiti ningeziweka zile pauni 400 mafungu manne ya pauni 100, kila farasi na dau lake! Douvan angenirudishia 300, Un de Sceaux 166 na senti zake, Faugheen 180, na Annie Power asinipe kitu. Jumla ni zaidi ya pauni 646. Yaani kwa farasi walewale, siku ileile, na ajali ileile kwenye kiunzi kilekile, ningerudi nyumbani na faida ya karibu pauni 246, nikiwa mtu mwenye adabu na makazi. Kila anayekuambia kwamba tatizo langu lilikuwa bahati mbaya, mwonyeshe hesabu hiyo.

Na hata kabla ya ajali hesabu ilikuwa mbaya, ila hakuna aliyetuonyesha. Odi ya 3.00 ina maana kampuni yenyewe inampa farasi nafasi ya 33 katika 100. Odi ya 1.67 ni 60, ya 1.80 ni kama 56, na ya 1.50 ni kama 67. Kila mmoja akiwa peke yake anaonekana mtu wa kuaminika. Zizidishe kwa pamoja, unabaki na nafasi ya 7 katika 100 na kitu kidogo, na hiyo ni kabla hujatoa faida ya kampuni, ambayo imeshapachikwa ndani ya kila odi. Tuseme kampuni inajikatia asilimia 5 tu katika kila mbio: ukiunganisha mbio nne, makato yanazidishana na kufikia zaidi ya asilimia 18. Kwa hiyo unaponunua mkeka unailipa kampuni mara nne kwa furaha ya kungoja mara moja. Ndiyo maana ofa za "tunakuongezea asilimia kadhaa kwenye ushindi wako" kwa kawaida zinawekwa kwenye mikeka na si kwenye dau la farasi mmoja.

Halafu hizi si mbio za tambarare. Katika mbio za tambarare farasi bora anaweza kushindwa kwa kuzidiwa kasi. Katika mbio za kuruka anaweza kuwa na kasi kuliko wote na bado akamaliza bila mpanda farasi mgongoni. Mbio zile nne nilizoziunganisha zilikuwa na vizuizi zaidi ya thelathini kwa jumla, na mimi nilihitaji vyote virukwe vizuri, halafu kila farasi apande kile kilima cha mwisho cha Cheltenham ambacho kimewavunja moyo wengi waliokuwa wakiongoza. Ukidhani Annie Power lilikuwa tukio la mara moja katika karne, tazama Champion Hurdle ya Machi 2025: Constitution Hill, kipenzi cha soko (yaani aliyepewa nafasi kubwa kuliko wote) kwa odi ya 1.50, alianguka, State Man akabaki anaongoza, naye akaanguka kwenye kiunzi cha mwisho, akashinda Golden Ace kwa odi ya 26.00. Siku hiyohiyo Majborough, kipenzi mwingine wa soko, alikuwa ameshapigwa na Jango Baie katika Arkle. Ile ilikuwa Jumanne, siku ya kwanza ya tamasha, yaani siku yako.

Nirudi kwa mtaalamu, maana sijamalizana naye. Jioni ile nilifungua kundi nikitarajia walau neno la pole. Ujumbe wa mkeka ulikuwa umefutwa, na mahali pake palikuwa na picha ya Douvan, Un de Sceaux na Faugheen, na maneno ya kujisifu kwamba ametoa washindi watatu kati ya wanne. Nilipomwuliza mbele ya watu kwamba mkeka aliotuuzia umelipa kiasi gani, akaniondoa kundini. Baadaye sana ndipo nilipojifunza biashara ile inavyokwenda: baadhi ya watoa vidokezo hulipwa na kampuni za kubashiri kwa kila mteja wanayempeleka kupitia kiungo chao, na mikataba mingine huwapa sehemu ya pesa ambazo mteja huyo anapoteza. Wa kwangu alikuwa akikusanya ada ya mwezi kutoka kwetu, na kila mkeka ulikuja na kiungo cha kufungulia akaunti mpya. Siwezi kusema mkataba wake ulikuwa wa aina gani. Naweza kusema kwamba hakuwahi hata mara moja kutushauri kuweka dau dogo kwa farasi mmoja, na wewe angalia kama huyo wako amewahi.

Nilichofanya baada ya Annie Power ni kibaya zaidi, na nakisimulia kwa sababu najua nawe utajaribiwa, kwa kuwa siku ina mbio saba na mkeka wako unaweza kufa mapema. Nilimkopa mwenzangu pauni 150 nikaziweka zote katika mbio za maili nne za wapanda farasi wa ridhaa, ambazo nilikuwa sijasoma hata mstari mmoja kuzihusu, juu ya farasi niliyempenda kwa sababu ya rangi ya jezi ya mpandaji wake. Kama yupo anayemfahamu farasi huyo, amwambie kwamba namngoja bado amalize.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: mbio moja, farasi mmoja, dau moja, na pesa iliyorudi kutoka mbio za kwanza haipandishwi nzima kwenye mbio za pili. Chukua kiasi ambacho hutakililia, kigawe mafungu saba kabla hujaondoka nyumbani, na uache kadi ya benki nyumbani. Dau liweke asubuhi ya siku yenyewe, baada ya kujua nani ameondolewa na udongo umeamkaje, kwa sababu ukiliweka wiki kadhaa kabla na farasi wako asikimbie, kwa kawaida pesa imekwenda, isipokuwa kampuni iwe imetamka wazi kwamba farasi asipokimbia dau linarudi. Kuhusu lile dau la kushinda au kushika nafasi, kumbuka tu kwamba ni madau mawili, moja la farasi kushinda na moja la kumaliza katika nafasi za mbele, hivyo pauni 10 zinakuwa pauni 20, na kwamba katika mbio za kupangiwa uzito (ambako farasi hubebeshwa uzito kulingana na uwezo wake) zenye farasi 16 au zaidi masharti ya kawaida hulipa nafasi nne kwa robo ya odi. Nalo usiliunganishe kwenye mkeka. Najua kuna mikeka ya aina hiyo pia, na najua mtaalamu wako atakuuzia.

Kama umeshalipa ada ya kundi hilo, jitoe leo na uzuie makato kwenye kadi yako, kwa sababu wangu aliendelea kunikata mwezi mzima baada ya kuniondoa.