Maswali ya wasomaji: wiki za mwanzo na SUV iliyotumika

Safari hii barua nyingi zimetoka kwa watu walionunua SUV za familia zilizotumika na bado hawajafikisha kilomita elfu mbili nazo. Kila mmoja anauliza kwa namna yake jambo lilelile: hiki ninachokisikia ni ugonjwa, au ndivyo gari lenyewe lilivyo?

SWALI: Gari langu ni la viti saba, linaendesha magurudumu yote manne. Barabarani limetulia kabisa. Nikikunja usukani hadi mwisho ili kuegesha, linakuwa zito na kushtukashtuka kama kuna mtu anashika breki na kuachia. Fundi anasema giaboksi imekufa. Tairi za mbele ni mpya, za nyuma zilikuja na gari.

JIBU: Kabla hujamruhusu mtu kushusha giaboksi, chuchumaa kwenye tairi. Ila kwanza, kama gari lina kitufe cha LOCK, kinacholazimisha magurudumu ya mbele na ya nyuma kuzunguka pamoja, hakikisha hakijawashwa. Kidole cha mtoto kinatosha.

Gari likikata kona kali, magurudumu ya mbele husafiri njia ndefu kuliko ya nyuma. Kwenye SUV nyingi za familia tofauti hiyo humezwa na klachi ndogo iliyokaa mbele ya difu ya nyuma, yaani gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma. Tairi mpya mbele na zilizolika nyuma maana yake magurudumu yanazunguka kwa kasi tofauti hata kwenye njia iliyonyooka. Klachi inateleza bila kupumzika, inapata joto, oili yake inachoka, kisha inaanza kushika na kuachia. Ndiyo huko kushtuka unakokusikia.

Pima kina cha mifereji ya kila tairi sehemu tatu: ndani, katikati na nje. Tofauti ya mbele na nyuma ikizidi milimita 2 hivi, usiendelee kubahatisha. Kitabu cha gari kitakupa kikomo chake halisi. Halafu soma saizi ubavuni, herufi kwa herufi. 225/65R17 na 225/60R17 zinaingia kwenye rimu moja na kwa macho zinafanana, lakini ya pili ni fupi kwa milimita 22.5 za kipenyo, yaani karibu asilimia 3. Hiyo peke yake inatosha kuchosha klachi. Ukiwa hapo hapo chini, tafuta namba nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Tairi yenye mifereji mizuri lakini imepita miaka kumi ni ya kutoa.

Tairi zikishalingana, jaza upepo zikiwa za baridi kwa kipimo cha kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva, si kile kikubwa kilichochapwa kwenye tairi, maana hicho ni kikomo cha tairi. Kisha badilisha oili ya difu ya nyuma kwa aina ileile iliyotajwa kitabuni. Kwenye magari ya aina hii mara nyingi ni nusu lita au zaidi kidogo, na ni oili ambayo wamiliki wengi huisahau kabisa. Fungua bolti ya kujazia kwanza, ndipo ya kumwagia. Ukimwaga kisha ukakuta ya kujazia imeshika kutu, umebaki na difu kavu na gari lisilotoka. Jaza gari likiwa limesimama sawa mpaka oili ianze kuchuruzika kwenye tundu. Kushtuka kukiisha baada ya mizunguko kadhaa kwenye uwanja tambarare, giaboksi yako haikuwa na kosa.

Kama unachosikia ni mlio wa ta-ta-ta gari likikunja huku linatembea, hilo ni jambo jingine. Angalia mpira wa kufunika jointi ya nje ya ekseli. Ukichanika, grisi huruka na kutapakaa ndani ya rimu.

SWALI: Siku ya kununua dashibodi ilikuwa safi. Siku ya nne taa ya injini imewaka na skana inasoma P0420. Nimeshauriwa nifute, nisahau.

JIBU: Inaelekea kuna aliyekwisha kufuta kabla yako. Skana nyingi, hata zile ndogo za kuunganisha na simu, zinaweza kusoma umbali uliotembewa tangu makosa yafutwe na idadi ya mara injini ilipopata moto tangu hapo. Ukikuta kilomita 190 kwenye gari lenye umri wa miaka tisa, betri haijabadilishwa juzi wala haikuchomolewa, umeshapata jibu. Taa ilichelewa kwa sababu kompyuta hupima katalitiki, kifaa cha kusafisha moshi kwenye bomba, gari likiwa katika hali maalumu ya mwendo na joto, na kwa kawaida hungoja kipimo kishindwe kwenye safari mbili ndipo iwashe.

P0420 inasema katalitiki haisafishi moshi ipasavyo. Haisemi kwa nini. Kagua kwanza kama kuna uvujaji kwenye bomba la moshi kabla ya sensa ya nyuma, ile ya oksijeni iliyo baada ya katalitiki. Masizi meusi kwenye maungio ndiyo alama. Angalia kama kuna makosa ya P0300 hadi P0304, yaani silinda zinazokosa kuwaka, na uyatibu hayo kwanza. Injini ikishapata moto, tazama volti za sensa ya nyuma ukiendesha kwa mwendo usiobadilika. Zikitulia karibu na 0.6 au 0.7, katalitiki bado inafanya kazi. Zikipanda na kushuka haraka kati ya 0.1 na 0.9, imechoka.

Kisha pima oili. Egesha mahali tambarare, zima, subiri dakika kumi, futa kijiti, chovya tena, andika. Rudia baada ya kilomita 500. Injini inayokula oili huua hata katalitiki mpya, kwa hiyo kubadilisha kifaa bila kujua hilo ni kununua tatizo mara ya pili. Taa ikianza kumwekamweka badala ya kuwaka tu, ondoa mguu kwenye mafuta na usiliendeshe gari kwa nguvu: petroli isiyoungua inaingia kwenye katalitiki na kuungulia humo.

SWALI: Dashibodi inasema lita 8.9 kwa kilomita 100. Mfuko wangu unakataa.

JIBU: Jaza mpaka pampu ijikate yenyewe, rudisha tripu kwenye sifuri, endesha mpaka ibaki robo, rudi pampu ileile ujaze tena hadi ijikate mara ya kwanza. Lita 46 kwa kilomita 420 ni 10.95 kwa kilomita 100. Fanya mara tatu. Kama tairi ni fupi kuliko za kiwandani, odometa inahesabu kilomita ambazo hukuzitembea, na hali halisi ni mbaya kuliko hesabu yako. Soma pia joto la maji kwenye skana: baada ya nusu saa linapaswa kuwa limetulia karibu na nyuzi 90. Likibaki 65, termostati, vali inayodhibiti joto la injini, imekwama wazi na injini inaendelea kunywa kama iliyowashwa sasa hivi.

SWALI: Kapeti ya abiria wa mbele imelowa na gari linanuka.

JIBU: Gusa maji, unuse. Yakiwa safi tu, mpira wa kutolea maji ya AC umeziba. Uingize waya laini wa nailoni kutoka chini ya gari, nao utashusha uchafu na maji pamoja. Yakiwa na harufu tamu na kioo cha mbele kina utando wa mafuta, radieta ndogo ya hita inavuja, na kiwango cha kulanti, maji ya kupozea injini, kitakuwa kinashuka. Yakija baada ya mvua pekee, kagua mifereji ya paa la kioo kwa kumwagia kikombe kidogo kila kona na kuona yanatokea wapi. Usipulize kwa kompresa, mrija huchomoka ndani ya nguzo na hapo unalazimika kuvua mapambo yote. Vyovyote iwavyo, inua kapeti. Sponji ya chini hushika maji wiki nyingi, na soketi za waya zinapita humo humo.

SWALI: Naweza kufunga viti vya watoto safu ya tatu?

JIBU: Angalia kwanza. Kwa kawaida ISOFIX, nanga za chuma za kushikia kiti cha mtoto, iko viti vya pembeni vya safu ya pili. Safu ya tatu mara nyingi ina mkanda tu. ISOFIX ina kikomo cha kilo 33, mtoto pamoja na kiti chake. Mkanda wa juu wa kiti cha mtoto ufungwe kwenye nanga yenye alama yake, si kulabu ya kufungia mizigo iliyo karibu nayo. Na piga hesabu ya uzito: watu saba wa kilo 75 ni 525 kabla ya begi lolote. Gari lenye kikomo cha kilo 2,300 na uzito wake tupu 1,750 limebakiwa na 25.

SWALI: Kila gurudumu lina nati moja isiyofanana na nyingine.

JIBU: Ni nati ya kuzuia wezi na ina ufunguo wake. Utafute leo: kwenye mfuko wa jeki, chini ya sakafu ya buti, ndani ya tairi la akiba, kwenye droo ya dashibodi. Usipoupata, nati hizo zitolewe karakana kwa soketi ya kung'olea, uweke za kawaida zenye uzi na umbo la kikalio lilelile, koni au duara. Ukiupata, usikubali utumike na bunduki ya upepo, hupasuka. Legeza kwa mkono, kaza kwa spana ya torki, inayopima nguvu ya kukaza, kwa kipimo cha kitabu, mtindo wa nyota, na urudie kukaza baada ya kilomita 50 hadi 100.