Matundu 8 inamaliza, matundu 7 haikomi

SWALI: Habari za kazi, mhandisi. Niko karakana hapa Tanga, tunachonga flanji za pampu (pete za chuma zenye matundu ya bolti) na vipuri vya korona, mashine za kuchakata mkonge. Kwenye kidhibiti cha Fanuc (kompyuta inayoendesha mashine) nimeandika makro, yaani programu ndogo ya kutoboa matundu kwa duara: pembe iko #1 (kigezo cha kuhifadhi namba), kila mzunguko naiongezea 360 gawanya kwa idadi ya matundu, na lupu inaendelea kwa WHILE [#1 NE 360], yaani maadamu #1 si sawa na 360. Matundu 8 inamaliza vizuri. Nilipoweka 7 ikarudi tundu la kwanza, ikaanza duru nyingine mpaka nikaizima. Mashine imeharibika?

JIBU: Nzuri, fundi. Mashine ni nzima. 360 kwa 8 ni 45 kamili, lakini kwa 7 ni 51.428571 na desimali zinaendelea. Kidhibiti huzikata mahali fulani. Ukijumlisha mara 7 unaikaribia 360 bila kuigusa, na NE haijui habari ya kukaribia. Hesabu matundu, achana na digrii:

O1010
IF [#11 EQ #0] THEN #3000=1 (WEKA H)
#30=1
WHILE [#30 LE #11] DO1
#31=#1+[#30-1]*360/#11
#32=#18*COS[#31]
#33=#18*SIN[#31]
G90 G99 G81 X#32 Y#33 Z#26 R2. F#9
#30=#30+1
END1
G80
M99

Unaiita hivi, sifuri ya kazi (X0 Y0) ikiwa katikati ya flanji na spindo inazunguka:

G65 P1010 A0. R60. H7. Z-12. F80.

A (pembe ya kuanzia) huingia #1, F (kasi ya kutoboa) #9, H (idadi ya matundu) #11, R #18 (nusukipenyo, si kipenyo!) na Z (kina) #26. Namba hizo hazifuati nafasi ya herufi katika alfabeti, kwa hiyo bandika jedwali lake kwenye kabati la mashine. Nukta za desimali usiziache.

Mstari wa #3000 usiuone wa mapambo. Ukisahau H, #11 inabaki tupu, LE (ndogo au sawa na) inaihesabu kama sifuri, na programu inapita bila kutoboa wala kulalamika. Kwa alamu hiyo, mashine inasimama na kukwambia.

Mara ya kwanza ipandishe Z juu ya chuma, uiendeshe bloku moja moja.

Ukitaka pia kuhesabu flanji zilizokamilika, tumia #500 kwenda juu. Kwa kawaida #100 hadi #199 hufutika umeme ukikatika, na umeme wetu unaujua.