Ukipakia nyanya Ilula, haraka iwe shambani

Vijana wanaokabidhiwa lori la Fuso kwa mara ya kwanza na kuambiwa na tajiri "nenda Ilula ukalete nyanya" hunipigia simu na swali moja: nitembeeje ili niwahi soko? Nimeshusha nyanya za Ilula, mkoani Iringa, kwenye soko la Ilala, Dar es Salaam, miaka kumi na moja, na jibu langu ni lile lile. Muda wa nyanya unapatikana, au unapotea, kabla hujawasha gari.

Nyanya ikishachumwa inaendelea kuiva. Tenga la chini limebebeshwa yote ya juu yake, turubai limezuia hewa, na joto linapanda kila unaposimama. Ukifika alfajiri unawakuta wachuuzi wamejaa, dalali anauza huku unashusha. Ukifika saa tano asubuhi, wenzako wameshauza na wachuuzi wameshasambaa na mizigo yao. Nyanya ni zile zile, ila bei ni ya kuondoa mzigo tu. Anayeumia hapo ni mwenye mzigo, mara nyingi mama aliyekopa ili anunue shamba likiwa bado halijachumwa.

Hilo nililijua kwa uchungu. Mwaka wangu wa kwanza tulichelewa kupakia, nikatoka Ilula saa nne usiku. Mama mwenye mzigo akaniuliza, "Mwanangu, soko tutaliwahi?" Nikamjibu tutaliwahi. Nilijua si kweli, nikajipa moyo kwamba nitafidia mlimani. Mlima Kitonga nikaushuka kwa gia kubwa, mguu juu ya breki kona baada ya kona, mpaka utingo akasema ananusa kitu kinaungua. Nilipokanyaga tena gari halikupungua kama nilivyotaka. Mungu alitusaidia tukakuta tambarare, tukasimama matairi ya nyuma yakifuka moshi. Tulilala pale, fundi akaja asubuhi, Ilala tukaingia jioni. Matenga mengi yalimwagwa. Yule mama hakunitukana. Aliniuliza kwa nini sikumwambia ukweli kule Ilula, maana angempigia mtu wake wa Morogoro, mzigo ukashushiwa huko, mtaji ukapona. Swali hilo sijalisahau.

Kwa hiyo, mdogo wangu, siku ya safari lala mchana. Usikae kijiweni ukisubiri wapakiaji. Mwachie utingo asimamie, wewe ulale, kisha uamke saa moja kabla hawajamaliza ukague mwenyewe. Mwambie mwenye mzigo mapema kwamba saa kumi jioni turubai liwe limefungwa. Ukitoka saa kumi na moja, Kitonga unaishuka ukiwa unaona, na Ilala unaingia kama saa tisa usiku bila kumkimbiza mtu. Turubai lisifungwe kama la mahindi: acha upenyo mbele na nyuma hewa ipite. Ukilazimika kusimama mchana, tafuta kivuli.

Mizani ya kupima magari barabarani ndiyo inayowala wengi muda. Kwa sheria ya Afrika Mashariki tunayoitumia Tanzania tangu 2019, ekseli ya mbele mwisho tani 8, na ya nyuma yenye matairi mapacha tani 10. Fuso ya ekseli mbili basi haizidi tani 18, gari lenyewe likiwemo. Wengi hujumlisha tu, wakaona wako salama, wakasahau kwamba kila ekseli inapimwa peke yake. Wapakiaji hupenda kurundika nyuma kwa sababu ndiko wanakopandia. Ukifika mizani ya Mikese umezidisha ekseli ya nyuma, unawekwa pembeni huku nyanya zinaiva. Simamia mpango wa matenga ungali Ilula. Na risiti ya ushuru wa mazao iwe mkononi mwako, si kwenye mkoba wa mwenye mzigo aliyetangulia na basi.

Kitonga ingia tayari ukiwa kwenye gia ndogo, ile ile ambayo ungepandia, na uiache injini ishike gari. Breki ikanyage kidogo na kuiachia. Kushuka frii, yaani bila gia, ili kuokoa mafuta ni kucheza na roho za watu walio mbele yako, na tajiri anayekusifia kwa hilo mkatalie. Ukiona matawi yametandazwa barabarani, kuna gari limekufa mbele: punguza mwendo kabla hujaliona.

Baada ya Ruaha Mbuyuni barabara inakuwa rahisi, na hapo ndipo usingizi unapokuja. Hifadhi ya Mikumi ina kama kilomita hamsini za barabara, na usiku nyati au tembo unamwona akiwa tayari amekaribia. Fuata kibao cha mwendo hata kama wenzako wanakupita. Kama macho yanazama, simama Mikumi mjini kabla ya kuingia hifadhini, lala dakika ishirini, utingo akuamshe. Dakika ishirini hazijawahi kuniozea nyanya.

Na ukichelewa, piga simu. Usimsubiri mwenye mzigo akuulize. Mpe saa ya kweli ukiwa Mikumi au kabla, ili aamue mwenyewe kama mzigo ushuke Morogoro, au kama dalali wa Ilala amwekee wateja. Uamuzi ni wake, kwa sababu pesa ni zake.

Ukifika, hesabu matenga pamoja na karani wa dalali kabla mtu hajaondoka na hata moja, andikisha yaliyovunjika, kisha ulale. Tajiri atapiga simu kwamba amekupatia mzigo wa kurudi Iringa, saruji, na mwenye saruji yuko tayari sasa hivi. Mwambie utapakia kesho.