Muulize Fundi wa Mbao: Kitako cha Bunduki Kinatengenezwaje?

SWALI: Mzee fundi, salaam. Mimi seremala wa vitanda na makochi hapa Walukuba, Jinja. Juzi kwa simu nimeona video ya karakana ndogo ya Uturuki, watu wanne watano tu, wanatengeneza vitako vya bunduki za kuwindia. Ubao unaingia mchafu mchafu tu, unatoka unang'aa mpaka unaona aibu kuushika. Siri ni ile mashine yao? Na mvule wetu unaweza kazi hiyo?

JIBU: Salaam sana kijana wangu. Mashine siyo siri. Kazi hiyo nimeishika mwenyewe, nilikuwa kijana Nairobi kwa fundi mmoja mwenye leseni, tunahudumia wawindaji wa safari, mpaka Kenya ikapiga marufuku uwindaji 1977 na mimi nikarudi kwenye vitanda kama wewe.

Ile mashine ni ya kunakili tu. Upande mmoja unafunga kitako cha mfano, upande wa pili ubao, kigurudumu kinapapasa mfano na kisu kinafuata hukohuko. Siyo kitu kipya hata kidogo, Mmarekani Thomas Blanchard alitengeneza ya namna hiyo 1819 kwa ajili ya vitako vya bunduki za jeshi. Inakupa umbo, basi. Kazi yenyewe iko kabla na baada.

Kabla ni ubao. Wenzetu wanapenda wolnati, yaani mti wa jozi wa huko kwao, kwa sababu ni mgumu lakini mwepesi kiasi, haupasuki ovyo na ukishakauka umetulia, hauchezicheze. Sasa kukauka ndiyo shughuli, hesabu ya wazee ni mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene, na ubao wa kitako ni inchi mbili na nusu hivi, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe. Unapaka nta kwenye ncha zake mbili ili maji yasitokee huko haraka ukapasuka, unauweka kivulini penye hewa, kila mwezi unaupima kwa mizani na kuandika uzito kwa penseli hapohapo ubaoni, siku uzito ukigoma kushuka ndiyo umekuwa tayari. Hapa kwetu mti unaanguka Jumatatu, Ijumaa umeshakuwa kitanda na bibi harusi analalia!

Halafu angalia nyuzi. Pale shingoni, nyuma ya triga, kitako ni chembamba na bunduki ikilia nguvu yote inapita hapo, kwa hiyo nyuzi lazima zipite zimenyooka kufuata shingo. Zikikatiza, siku moja kitavunjika, hata kama rangi yake inaliza watu.

Baada ya mashine ndiyo kuna kazi ya kulaza chuma cha bunduki kwenye mti, na hapo ndipo utamjua fundi. Tulikuwa tunawasha kibatari, tunakifukizia chuma moshi mpaka kiwe cheusi kabisa, tunakikandamiza ndani ya mti kisha tunakitoa taratibu. Kila penye masizi ndipo panapogusa, unapakwangua kwa patasi, kidogo tu, kama ganda la kitunguu, unafukiza tena, unaingiza tena, siku nzima mpaka masizi yaenee kote. Siku moja nilikuwa na haraka nikakwangua pale kwenye jino la chuma linalobeba ule msukumo wa kurudi nyuma. Mzee akachukua karatasi ya sigara, akaipitisha kati ya chuma na mti, ikapita, maana yake hapo havigusani. Hakusema kitu. Akakata kitako vipande viwili kwa msumeno akaniambia kachemshie chai. Cha ajabu, chini ya mtutu alikuwa anataka karatasi hiyohiyo ipite mwanzo hadi mwisho, maana mti ukigusa mtutu, unyevu ukibadilika unausukuma na shabaha inahama.

Huo mng'ao ulioupenda ni uvumilivu tu. Unapiga msasa, unapitisha kitambaa chenye maji, unaukausha juu ya jiko la makaa, vinyuzi vinasimama kama ndevu, unavinyoa kwa msasa, unarudia mara tatu nne. Ndipo mafuta ya linsidi, yale ya mbegu za kitani, matone machache, unasugua kwa kiganja mpaka kiganja chenyewe kiungue, unaacha siku, unapaka tena, mikono kumi na zaidi. Na vitambaa vya linsidi usivirundike kona ya karakana, vinajiwasha moto vyenyewe, wallahi siyo uchawi. Vitandaze nje vikauke.

Mvule? Kwa nguvu na kutulia sina neno. Lakini nyuzi zake zinapishana, huku unaranda vizuri huku unang'oka, na unajua zile chembe za jiwe ndani yake zinavyoua patasi. Ile miraba midogo inayochongwa pa kushikia ili mkono usiteleze, mistari 18 mpaka 24 kwa inchi moja, kwenye mvule utalia. Na vaa barakoa, vumbi lake linawasha kifua.

Kingine, kabla hujagusa bunduki ya mtu, sheria yetu ya silaha ya 1970 inataka leseni kwa anayetengeneza au kurekebisha silaha. Usianze na ubao, anza polisi.

SWALI: Fundi, tuna picha ya marehemu babu, alikuwa askari wa KAR, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki enzi za ukoloni, kafupi lakini kakali. Bunduki yake nyuma ya triga inaonekana mti umekatwa, katikati ni chuma. Ilivunjika ikaungwa? Msomaji wa Bombo.

JIBU: Haikuvunjika dada au kaka. Hiyo kwa vyovyote ni Lee-Enfield, bunduki ya jeshi la Mwingereza, ndivyo ilivyozaliwa, kitako cha nyuma ni kipande peke yake kimekazwa na bolti ndefu inayopita ndani yake. Mbao fupi nzuri ni rahisi kupata kuliko ndefu, na kikivunjika unabadilisha hicho tu. Tena vilikuja kwa urefu tofauti ili askari apate kinachomfaa begani, kirefu kimepigwa herufi L, kifupi S, kifupi zaidi B. Babu kama alikuwa kafupi hivyo unavyosema, huenda chake kilikuwa na S.